Nyoka Ameondoka, Woga Umebaki

Maandiko ya kusoma: Matendo ya Mitume 28:1-6, 1 Wafalme 19:1-8

 

Mvua imerudi katika bonde la Ruzizi. Watu wako kwenye mpunga na kwenye muhogo tangu alfajiri, na nyoka nao wametoka. Kila msimu kama huu tunapokea ujumbe hapa redioni: mwombeeni kaka yetu, ameumwa na nyoka. Tunaomba. Kisha baada ya majuma mawili ao matatu unakuja ujumbe mwingine: amepona, tunamshukuru Mungu. Nasi tunasema amina, tunaandika jina lingine kwenye daftari. Hatujawahi kuuliza, mwaka mmoja baadaye, yule mtu analala namna gani.

Leo tunataka kuuliza. Na tutaanza kwa kuungama, maana somo hili lilitushika sisi kwanza.

Kuna mama mmoja wa kanisa letu. Jina lake hatutalitaja, naye ametupa ruhusa tuseme habari yake. Jioni moja alikuwa anatoka shambani, kitunga cha muhogo kichwani, giza linaanza. Akamkanyaga kifutu. Mnamjua kifutu: mfupi, mnene, hakimbii mtu, analala njiani kama kipande cha mti. Alimwuma juu ya vidole vya mguu. Watu walifanya yale ambayo wote tunafanya. Mmoja alifunga mguu kwa mpira wa pikipiki, akakaza. Mwingine alichanja kwa wembe. Mzee mmoja alileta jiwe jeusi, wakalibandika. Usiku ukapita hivyo. Asubuhi ndipo walimpandisha pikipiki kwenda hospitali, mguu umevimba mpaka juu ya goti na ngozi imeanza kuwa nyeusi. Dawa ya kupinga sumu haikuwepo, ilitafutwa mjini, ilipatikana siku ya pili, na jamaa waliuza mbuzi watatu ili kuilipa. Alikatwa vidole viwili. Alikaa hospitalini majuma sita.

Alipotoka tulifurahi sana. Jumapili ile tulimsimamisha mbele na fimbo yake, akatoa ushuhuda, kwaya ikaimba, wamama wakapiga vigelegele. Tulirekodi ushuhuda ule tukautangaza mara tatu. Labda baadhi yenu mnaukumbuka.

Baada ya hapo akaanza kupungua kanisani. Mkesha wa Ijumaa hakuja tena. Shambani hakwenda, mume wake alilipa vibarua, pesa ya shule ya watoto ikakosekana, ugomvi ukaingia. Hata Jumapili, alikuwa anakuja lakini katikati ya mahubiri anasimama na kutoka nje. Sisi viongozi tuliona kiburi. Tukasema: huyu Mungu amemponya, sasa amerudi nyuma.

Kisha maneno ya kijiji yakafika kwetu. Kwamba nyoka yule hakuwa wa kawaida, alitumwa. Kwamba mama mkwe ndiye aliyemtuma, kwa sababu waliwahi kugombana juu ya shamba. Wandugu, hatukuyakemea maneno hayo kama ilivyotupasa. Tulinyamaza, na mzee yule wa watu akakaa miezi mingi bila mtu wa kumsalimia sokoni.

Tukamwita yule mama kwenye chumba cha maombi, siku tatu za kufunga. Tulimwuliza: mama, ulifanya nini hata mlango ukafunguka? Alisema hakumbuki. Tukamwambia atafute moyoni. Siku ya tatu aliungama kwamba alipokuwa msichana alikopa chumvi kwa jirani na hakuilipa, na jirani alikufa. Tulimwekea mikono. Tuliona kazi imekwisha.

Aliyetufungua macho ni mama shemasi mmoja. Mume wa yule mama alikuwa amekwenda ziwani kuvua, basi mama shemasi akalala kwake usiku mine. Akaona. Kabla ya kulala, yule mama anainua mkeka, anakung'uta blanketi za watoto, anaweka chini, anachukua taa, anainua tena. Mara tatu, mara ine. Akilala kidogo anaamka akipiga mguu ukutani, jasho limemtoka kama mtu wa malaria. Asubuhi mtoto aliacha kamba ya mbuzi mlangoni. Mama alipoiona alipiga kelele mpaka majirani wakaja. Mama shemasi hakuhubiri. Alisonga ugali, wakala, kisha akamwuliza tu: unaona nini usiku?

Yule mama akasema yote. Kwamba anamwona nyoka kila akifumba macho. Kwamba kanisani, sisi tunapohubiri juu ya nyoka wa zamani, shetani, na watu wote wanapiga miguu chini ili kuponda kichwa chake, yeye anasikia mguu wake unaungua upya na moyo unataka kutoka. Ndiyo sababu anakimbia nje. Kwamba aliona haya kusema, kwa sababu amekwisha kutoa ushuhuda kwenye redio kwamba amepona. Na juu ya ile chumvi alisema neno ambalo sisi hatutalisahau. Alisema: kama nyoka alikuja kwa ajili ya chumvi, basi kwa dhambi zangu nyingine kitakuja nini?

Wandugu, hayo ndiyo tuliyompa kwa maombi ya siku tatu. Alikuwa anaogopa nyoka, sasa anamwogopa na Mungu.

Tulikwenda kuuliza wanaojua. Wazee wetu walisema zamani kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tumeitumia methali hiyo kwa mambo ya biashara na ya siasa, tukasahau kwamba kwanza inasema kweli juu ya mtu aliyeumwa. Wanganga wa leo wanaupima mshtuko ule. Katika kisiwa cha Sri Lanka, ambako watu wanalima mpunga kama sisi na wanaumwa sana, watafiti waliwachukua watu 88 walioumwa mwaka mmoja hadi mine kabla, wakawalinganisha na wengine 88 wa umri kama wao ambao hawakuumwa. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2011. Kati ya walioumwa, watu 54 kwa mia walikuwa na dalili za huzuni nzito, ile inayomwondolea mtu usingizi, hamu ya kula na nguvu za kazi. Kwa wale wengine ilikuwa 15 kwa mia. Na zaidi ya mtu mmoja kati ya watano waliokuwa wameumwa alikuwa na ugonjwa wa kiwewe: ndoto za tukio lile, kushtuka, kukimbia kila mahali panapomkumbusha. Watu 9 walikuwa wameacha kazi kabisa. Hao si watu waliologwa, wala si Wapentekoste waliorudi nyuma. Ni wakulima wa kisiwa cha mbali wenye dini nyingine, na walipatwa na yale yale yaliyompata mama wetu.

Kwa hiyo tuseme wazi. Ule woga si sumu iliyobaki mwilini, kama wengine wanavyofikiri. Si pepo. Si dhambi iliyofichwa. Ni jeraha, kama lile la mguu, ila liko mahali ambapo macho hayaoni.

Na kuna walioona mabaya zaidi. Sumu ya kifutu inavimbisha na kuozesha nyama. Lakini swila na nyoka wengine wa jamaa yake wana sumu inayolegeza mwili. Kope zinaanguka, ulimi unakuwa mzito, mikono haiinuki, pumzi inapungua. Na mara nyingi akili iko pale pale. Mtu amelala, hawezi kufungua jicho, lakini anasikia. Fikirini mliowahi kukaa kwenye kitanda cha mgonjwa wa namna hiyo: mlisema nini? Mlianza kulia msiba? Mlipanga ni nani atachukua watoto, ni nani atachukua baiskeli? Yule aliyepona anaweza kuwa aliyasikia yote, na anaishi pamoja nanyi akiwa anayajua.

Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linasema kwamba kila mwaka watu kati ya 81.000 na 138.000 wanakufa kwa sumu ya nyoka duniani, na wanaobaki na viungo vilivyokatwa ao ulemavu mwingine ni karibu mara tatu ya hao. Mwaka wa 2017 OMS iliuweka ugonjwa huu kati ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Yaliyosahauliwa! Ni magonjwa ya watu wasio na viatu. Dawa moja iliyosaidia sana Afrika, iliyotoka Ufaransa, iliacha kutengenezwa mwaka wa 2014, na chupa za mwisho zilipitwa na wakati mwezi wa Juni 2016. Tunasema haya ili mtu asidhani kwamba yule mama alikosa dawa siku ya kwanza kwa sababu Mungu alimkasirikia.

Sasa tufungue Matendo ya Mitume 28. Ni andiko tunalolipenda. Paulo na wenzake wameokoka baharini, wako kisiwani Melita, mvua na baridi. Wenyeji wanawasha moto. Paulo anaokota kuni, nyoka anatoka kwa sababu ya joto, anamng'ang'ania mkononi. Sisi kwa kawaida tunakimbilia mstari wa tano, Paulo anamkung'utia motoni, hapana madhara, haleluya! Ni kweli, na tunaamini. Lakini safari hii someni mstari wa ine na mstari wa sita, muangalie waliosimama pembeni.

Walipoona nyoka mkononi, walisema mara moja kwamba mtu huyu lazima ni mwuaji. Ameokoka baharini lakini hukumu haikumwacha. Hawakumjua. Walikuwa wamekutana naye saa ile ile. Halafu wakangojea avimbe. Wandugu, tazameni, wanakaa na kungojea! Na alipokosa kuvimba, waligeuka wakasema ni mungu. Kwanza mwuaji, halafu mungu, na katikati hatusomi kwamba mmoja wao alimwuliza, baba, mkono unauma?

Watu wa Melita walikuwa wakarimu, Luka mwenyewe anawasifu kwa moto wao na mapokezi yao. Hawakuwa wabaya. Walikuwa kama sisi. Sisi tulimwambia yule mama maneno yote mawili. Alipotoa ushuhuda tulimfanya kuwa mtu wa ajabu, shujaa wa imani. Alipoanza kutetemeka tulitafuta dhambi yake. Mahali pa mtu wa kawaida aliyeumizwa hatukumwachia.

Mtu atauliza: na Marko 16 je? Haikuahidi kwamba waaminio hawatadhurika? Tunaamini Neno lile, na tumeona Mungu akiokoa watu pale ambapo munganga alikuwa amekunja mikono. Lakini hatukupewa ili kupima imani ya mgonjwa. Timoteo alikuwa na tumbo la kuumwa mara kwa mara, na Paulo, yule yule wa Melita, hakumwita mtu wa imani ndogo. Alimshauri kitu cha kunywa.

Kwa ajili ya walioponywa na bado wanaogopa, tunawapa Eliya. Someni 1 Wafalme 19. Huyu mtu ametoka mlimani Karmeli, moto umeshuka mbele ya taifa zima. Kama ni ushuhuda, hakuna mwenye kuuzidi. Na baada ya ushuhuda ule, anakimbia. Anamwacha mtumishi wake Beer-sheba, anaingia jangwani peke yake, anakaa chini ya mti, anaomba afe. Nabii! Na Mungu anafanya nini? Hamwulizi ni mlango gani ameufungua. Anamwacha alale. Malaika anamgusa, pale kuna mkate juu ya makaa na chupa ya maji. Anakula, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili na chakula kile kile. Mazungumzo yalikuja baadaye sana, baada ya siku arobaini, na hata pale Mungu alimpa mtu wa kwenda naye, Elisha. Mama shemasi wetu hakuwa amesoma saikolojia. Lakini alilala pale, akasonga ugali, akauliza swali moja, akanyamaza. Tunafikiri alifanya kazi ya yule malaika vizuri kuliko sisi na siku zetu tatu.

Je, kusikiliza kunatosha? Hapana, na tusidanganyane. Kule Sri Lanka walijaribu. Munganga wa kawaida, si wa magonjwa ya akili, alikaa na mgonjwa kabla hajatoka hospitalini, akamweleza yale yanayoweza kumpata, na wengine akazungumza nao tena baada ya mwezi. Matokeo yalitoka mwaka wa 2015: waliosemeshwa mara mbili mahangaiko yao yalipungua na waliweza kazi zao vizuri zaidi, lakini huzuni nzito na kiwewe chenyewe havikupungua kwa mazungumzo mawili. Kwa hiyo mtu ambaye miezi inapita na halali, hali, hafanyi kazi, apelekwe kwa wenye ujuzi. Bukavu kuna SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu, vyote vya Mafrère wa Charité. Tunajua mnavyosema mtu akipelekwa kule: amekuwa wazimu. Tuliache neno hilo. Mguu unapelekwa hospitali na hakuna anayecheka. Na kama mtu anasema kwamba afadhali afe, msimwache peke yake hata saa moja, wala msingoje Jumapili ili aombewe. Mwombeeni njiani mkiwa mnampeleka.

Na juu ya kuumwa kwenyewe, kwa haraka, maana mvua haitungojei. Usichanje. Usinyonye. Usifunge kwa kukaza. Jiwe jeusi ni mfupa uliochomwa. Hata wamisionari wa zamani walisaidia kulieneza, lakini halifyonzi sumu, linafyonza saa zako. Vua pete na bangili kabla mwili haujavimba. Mtu asitembee, asikimbie, abebwe, kiungo kitulie, na aende hospitali saa ile ile. Swila akikutemea machoni, osha kwa maji mengi safi, kisha nenda.

Mtauliza yule mama yuko namna gani sasa. Bado anainua mkeka usiku, ila mara moja. Alikwenda Bukavu mara mbili, kanisa lilitoa nauli. Shambani anakwenda akiwa na mabuti na akiwa na mtu. Siku fulani hawezi, na siku hizo hatumwiti mvivu. Sisi wachungaji tulikwenda kwake tukamwomba msamaha, yeye na mume wake wamekaa kwenye mkeka, na hatukujua tuanzie wapi. Juu ya ile chumvi tulimwambia tulikosea. Kisha tulikwenda kwa mama mkwe, mchana, kwa njia ya sokoni ili watu watuone, tukakaa mlangoni mwake tukanywa chai. Hajarudi kwenye kanisa letu. Tunamwelewa.

Tumekubaliana mambo machache kati yetu wahubiri. Mtu aliyetoka kwenye hatari hatasimamishwa kutoa ushuhuda mpaka atake mwenyewe, na akitaka kusema kwamba amepona mguu lakini bado anaogopa, hiyo nayo ni ushuhuda, tutaitangaza. Tukihubiri juu ya Mwanzo 3, hatutawaambia watu wapige miguu bila kuangalia ni nani aliyekaa mbele yetu. Na mashemasi watatembelea kila aliyeumwa, mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita, na baada ya mwaka. Tuliwahi kuwa na daftari la walioponywa. Sasa lina safu ya pili, ya usingizi.

Ninyi mlioumwa zamani na hamkumwambia mtu, njoni redioni siku yoyote ya kazi, mwulize mama shemasi. Hatawaandika majina msipotaka.

Mkesha wa Ijumaa ijayo unaanza saa mbili ya usiku. Vijana wenye tochi wakutane kanisani saa moja, wapitie kwa yule mama na kwa wengine watatu ambao mashemasi wanawajua, wawatangulie njiani kwenda na kurudi. Wavae mabuti.